Miaka Kumi na Sita Nyuma ya Migongo ya Watu

Mdogo wangu Fabiani hakujua sura za watu. Alijua migongo. Ukimkuta sokoni ukamsalimia, anakukodolea macho kama ng'ombe aliyeulizwa jina la babu yake, mpaka umkasirikie ugeuke uende zako. Hapo ndipo anapiga kelele: "Aa! Kumbe ni wewe!" Mama yetu mzazi, aliyemnyonyesha mwanawe huyo miaka mitatu, ilibidi ageuke kwanza ndipo apokelewe mzigo.

Mtasema natia chumvi. Chumvi natia, ni yangu, nimeinunua mwenyewe. Lakini kazi ya Fabiani haikuhitaji chumvi. Ilinuka bila kuungwa.

Alikuwa mkamata mbung'o. Barabara inayotoka Usevya kuja Mpanda inakata porini, na pori lile mbung'o ndio wenyeji, sisi wengine ni wageni tu. Mbung'o akikuuma anaweza kukuachia ugonjwa wa usingizi, na akimuuma ng'ombe anamwachia kifo. Halafu ana tabia mbaya ya kupanda mgongo wa mtu na kusafiri naye mpaka kijijini, bure, kama mkwe. Kwa hiyo serikali ililaza mti barabarani pembeni ya kijiji chetu, ikajenga kibanda cha nyasi, ikaweka watu wawili: mzee Ponsian na mdogo wangu. Kila anayetoka porini, wa miguu, wa baiskeli, wa gari, anasimama kwenye mti.

"Geuka."

Anageuka. Wanamzunguka na wavu mdogo wa mpini. Wanatazama mgongoni, chini ya tandiko la baiskeli, ndani ya kikapu. Mbung'o akipatikana anabanwa kichwa kwa kucha, *tak*, anatumbukizwa kwenye kopo la mafuta ya taa, anaandikwa kwenye daftari: tarehe, jina la msafiri, idadi. Kila Jumatatu kurasa zinachanwa na kupelekwa ofisini mjini na lori lolote linalopita.

Ndiyo kazi yenyewe. Msingoje sehemu ya pili, hakuna.

Aliianza mwaka 1979, akiwa kijana mwenye kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi. Tukamshangilia, mtoto wetu ameajiriwa! Tulikuwa wajinga. Mimi nilimpelekea chakula pale miaka mingi, na nawaambia, sijaona mahali panapochefua kama kile kibanda. Lile kopo lilikuwa wazi siku nzima, mbung'o wamevimba ndani yake kama maharage yaliyolala kwenye maji. Kucha za Fabiani zilikuwa nyekundu kwa damu, na damu yenyewe hujui ni ya nani: ya nyati, ya nguruwe pori, ya katekista. Anajifuta kwenye kaptura, anamega ugali. Mimi nageuza shingo naangalia barabara. Barabarani hakuna kitu. Pengine baiskeli mbili toka asubuhi mpaka adhuhuri. Wanakaa wawili, wanapiga miayo kwa zamu, na miayo yao ilikuwa mikubwa hivi kwamba siku moja ndege kinega aliingia kinywani mwa Ponsian, akatazama ndani, akaona giza, akatoka. Nilikuwepo.

"Dada Josephina," Fabiani ananiambia, "unajua leo nimefanya nini? Nimehesabu nyasi za paa. Upande wa mashariki tu."

"Zimefika ngapi?"

"Nililala katikati. Kesho naanza upya."

Na mjini hakuna aliyejibu. Hata barua ya kusema tumepokea. Mwaka wa nane akawajaribu. Akaandika kwenye daftari: *Padri, simba mmoja, jike, mgongoni.* Akatuma. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Kimya. Akaandika tena: *Simba yule amezaa.* Kimya. Basi akajua kurasa zake zinafungiwa maandazi.

Nilimwambia aache. Anasema nitafanya nini mimi, sijui kitu kingine. Nikimwambia alime, anasema mgongo. Nikimwambia arine asali kama baba yetu, anasema nyuki. Sasa mtu anayeogopa mdudu anakaaje miaka yote na wadudu? Nilikuwa namdharau, siwafichi. Nilimpenda kwa sababu ni mdogo wangu, lakini nilimdharau kama unavyodharau mchuzi uliolala nje.

Kilichomchoma ni msiba.

Mwaka 1994 mzee Ponsian alifariki. Hakuugua, alikaa tu kwenye kigoda chake pale kibandani akapiga mwayo, na ule mwayo haukufunga. Alikuwa amekamata mbung'o tangu kabla ya Uhuru.

Kwetu mtu akifa watani wanakuja. Nyie vijana wa sasa mnaona ni fujo, lakini msiba bila watani ni kama kumfukia mbwa. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, ili watu wamwone mara ya mwisho wacheke, kilio kipate pa kupumzikia. Mtani wetu mkubwa alikuwa Nyanzala, mke wa Luhende mwenye ng'ombe. Mwanamke mnene, mweusi, mwenye ulimi wa moto. Alipoigiza marehemu mume wangu akifukuza kuku, mimi mjane nilicheka mpaka nikajikojolea, wakanibadilisha kanga.

Siku ile Nyanzala akavaa kofia ya Ponsian. Akachukua wavu.

Akapita kwa waombolezaji. "Geuka. Geuka. Wewe mama, geuka, au umekwama?" Watu wanacheka. Akambana mbung'o wa hewani, *tak*. Akaandika hewani. Akaenda kwenye kigoda, akakaa. Akapiga mwayo. Akajikuna. Akapiga mwayo mwingine. Akasinzia. Akaamka, akasema "Geuka" kwa mbuzi aliyekuwa anapita. Akasinzia tena. Halafu akasimama, akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza.

Watu wakangoja. Mmoja akapaza sauti, "Endelea basi!"

"Niendelee na nini?" akasema Nyanzala. "Nimemaliza. Miaka yake yote ndiyo hiyo. Mngetaka zaidi mngemwambia akiwa hai."

Walicheka watu, walicheka! Wafiwa walicheka. Fabiani peke yake hakucheka. Na Nyanzala akamwona, maana mtani hana huruma, akamwendea akamkabidhi wavu.

"Mtani, shika urithi wako. Wewe siku yako hata sitafanya mazoezi. Nimeshaikariri, ni hiihii. Nitabadilisha kofia tu."

Usoni kwa Fabiani nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tena tangu alipoanguka kisimani akiwa mtoto. Akasema taratibu, "Nyanzala, hutaniigiza hivyo mimi."

"Nitaigiza nini sasa? Unipe kitu basi! Mimi na miguu yangu hii ninatembea kutoka ng'ambo kuja kumlilia mtu mwenye miayo tu? Unanikosea heshima, mtani."

Tangu siku ile Fabiani hakulala vizuri. Hakuogopa kufa. Aliogopa uwanja ule, watu wakisema endelea, na Nyanzala akijibu nimemaliza.

Wiki hiyohiyo akaja kwangu.

"Dada, nipe cherehani ya shemeji."

Cherehani ya marehemu mume wangu ilikuwa imelala chini ya gunia miaka sita, kuku mmoja ametagia ndani yake.

"Wewe? Cherehani? Umewahi kushika sindano wapi?"

"Sikiliza. Mimi najua kitu kimoja tu duniani: mgongo wa shati. Nimetazama migongo miaka kumi na tano. Najua shati linaanza kuchanika wapi, begani au chini ya shingo. Najua fundi wa Mpanda anashona vipi na wa Kasekese anaiba kitambaa wapi. Hakuna mtu amekaa na migongo kama mimi."

"Na mikono hiyo yenye damu ya nguruwe iguse cherehani ya mume wangu?"

Nilimnawisha mwenyewe. Jivu, ndimu, jivu tena, mara saba, na maji yale niliyamwaga mbali, na pale nilipoyamwaga hapajaota nyasi mpaka leo. Ndipo nikamfunulia gunia.

Kanyagio alilijua upesi. Shati la kwanza alimshonea Luhende, mume wa Nyanzala. Jamani, ule mgongo! Mabega yamekaa kama mizani, mshono umenyooka kama reli ya Kaliua, ungeweza kuutundika kanisani. Halafu ukageuza mbele. Toba! Upande mmoja umefika magotini, mwingine umeishia kitovuni. Mfuko uko kwapani. Kola kama nira ya ng'ombe. Fabiani hakujua mbele ya mtu kuna nini, hajawahi kupatazama. Luhende mtu wa watu akalivaa kinyumenyume, mgongo mbele, na Jumapili nzima alisifiwa mradi tu asigeuke.

Basi nikamkatalia mashati. "Tia viraka. Migongo tu. Usivuke kwapa."

Akahamishia cherehani kibandani. Na hapo, nawaambia ukweli, kazi ile ya kuchefua ikamzalia kitu. Baiskeli inafika kwenye mti, "Geuka," msafiri anageuka, Fabiani anatazama, anasema, "Mbung'o huna, lakini shati limekuachia chini ya shingo. Vua." Kabla jasho halijakauka kiraka kimekaa. Habari zikaenda. Wakaanza kuja watu ambao hawakutoka porini kabisa, wanazunguka tu ili wasimamishwe. Watu wa Ikola walikuja na harufu zao za dagaa. Mbung'o nao walikuwa wanapita kwa raha zao, wengine walikaa kwenye mti wa barabara kwa foleni, wanangoja kushonewa.

Ila karatasi hakuwa nayo. Mtu akitaka suruali ya kupunguzwa au gauni la kuongezwa kiuno, Fabiani alimpima na futi akaandika alipoweza kuandika, kwenye daftari la mbung'o. Jina la msafiri, halafu namba. Na Jumatatu, kwa mazoea, ananakili zile anazozihitaji ubaoni kwa mkaa, anachana kurasa, anazipandisha kwenye lori.

"Wakisoma je?" nikamuuliza.

"Hawakusoma simba akizaa, Dada. Watasoma kiuno cha Luhende?"

Sasa hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo ni mtu wa geti la mbung'o tu angelifanya. Kwa sababu miaka yote kurasa zake zilikuwa mbili, moja, sifuri, sifuri, tatu. Nani asome sifuri? Safari hii karani mmoja huko mjini, sijui aliishiwa na maandazi, akatupia jicho. Akaona: *Luhende, 38. Mama Sikujua, 44. Katekista, 36.*

Mbung'o arobaini na wanne kwa mwanamke mmoja, na bado anatembea!

Wakaja. Mwaka 1995, mwezi wa nane, vumbi tupu, Landrover ya serikali ikasimama kwenye mti. Miaka kumi na sita hawakuleta hata baiskeli. Akashuka Bwana Mkaguzi, jina lake Fredrick, mnene wa kitambi, suti ya Kaunda, kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikuwa pale na ugali. Nyanzala naye alikuwepo na vibuyu vyake vya maziwa, na mumewe Luhende, na watu kama ishirini wenye nguo zilizochanika.

Fabiani akafunika cherehani kwa gunia haraka. Nikajua ameisha. Lakini Mkaguzi hakuuliza gunia lina nini. Akamkumbatia.

"Ndugu Fabiani! Wewe ni askari wa kweli! Mjini hatulali kwa ajili ya takwimu zako. Peke yako, na wavu mmoja, dhidi ya mlipuko kama huu!" Akageukia umati. "Nyie wananchi mnajua huyu ni nani? Kuanzia leo huyu ni Mkuu wa Kituo. Tunamletea vijana wanne chini yake. Nyumba ya bati. Na kiti cha kuegemea."

Dereva akashusha kofia mpya yenye nembo. Mkaguzi akamvalisha kwa mkono wake. Na mwaniona mimi, niliyesema yote haya juu ya kazi ile? Moyo wangu ulimwambia, nyamaza, mdogo wangu, nyamaza hivyohivyo, shika nyumba ya bati. Ndiyo. Tamaa haina adabu. Nilikuwa tayari kula ugali pembeni ya lile kopo miaka mingine kumi na sita.

Fabiani akasimama chini ya ile kofia. Ilimkaa vizuri, hiyo ndiyo mbaya. Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayesinzia. Nikaona anakwenda, anazama, anakubali.

Ndipo Nyanzala akatua kibuyu. Akachukua fimbo ya mumewe kama wavu. Akaketi kwenye kigoda cha marehemu Ponsian, mbele ya serikali nzima, akapiga mwayo. Mrefu. Akajikuna. Akapiga wa pili.

"Huyu mama vipi?" akauliza Mkaguzi.

"Usinijali, baba," akasema Nyanzala. "Nafanya mazoezi. Mtani, kofia usiivue, inanisaidia. Na kiti cha kuegemea watakupa, eh? Basi nitasinzia vizuri zaidi."

Watu wakaanza kucheka kichinichini. Fabiani akamtazama. Safari hii alimtazama usoni, nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akavua kofia.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "naomba ugeuke."

"Nigeuke kwa nini?"

"Umetoka njia ya pori. Ni kanuni."

Mkaguzi akacheka, akageuka, aonekane anafuata kanuni. Fabiani akatoa futi mfukoni, akaipitisha kiunoni pake, akaibana juu ya kitovu.

"Arobaini na sita," akasema kwa sauti. "Kwenye daftari langu, bwana mkubwa, wewe ni mbung'o arobaini na sita."

Nzi wa kawaida tu ndio waliosikika.

"Luhende, sogea. Huyu thelathini na nane, huyu hapa. Mpimeni. Mama Sikujua ni gauni la ubatizo. Hakuna mlipuko. Nimeandika viuno vya watu."

Uso wa Mkaguzi ukabadilika rangi kama ini. "Umeidanganya serikali?"

"Kwa viuno sikuidanganya. Kwa simba, ndiyo. Niliandika padri amebeba simba jike, halafu simba akazaa. Mlimsoma?"

"Simba gani?"

"Basi." Fabiani akaenda kibandani, akafunua gunia, cherehani ikaonekana. Akarudi na wavu, akaupitisha mgongoni kwa Mkaguzi, akamkabidhi mkononi, mpini mbele, kwa heshima ya mikono miwili. Ndani ya wavu mlikuwa na mbung'o mmoja mzima, aliyetoka kumwokota mgongoni pake. Na huyo hakuwa kipimo. "Huyu ni wako. Na koti limefumuka kwapa la kulia, bwana. Ukipita nyumbani kwa dada nitakushonea."

Sitawaandikia matusi ya Mkaguzi, karatasi ni ya watu. Alimfukuza kazi mara tatu pale pale, kana kwamba moja haitoshi, akasema hata senti hatapata, na hakupata. Akapanda gari, wavu umemning'inia mkononi, yule mbung'o akatoka akaketi kwenye kalamu zake. Dereva aliniapia baadaye kwamba mdudu alimuuma bosi kila kilomita mpaka Mpanda, halafu akarudi na gari hilohilo kusalimia nyumbani.

Luhende akabeba cherehani kichwani. Mimi nikabeba ugali wangu uliopoa, nina hasira, naililia nyumba ya bati. Siku tatu sikusema na Fabiani. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, hana mshahara, hana kofia, anajua upande mmoja tu wa shati.

Ule wa mbele nilimfundisha kwa kumsimamisha mbele ya watu akatazame. Kifua hiki, tumbo hili, shingo inaanzia hapa. Aliona haya kama mwali. Ilichukua mwaka kola zake zikaacha kunyonga watu. Wiki ya tatu baada ya kufukuzwa, dereva wa Mkaguzi alikuja na koti la Kaunda limefungwa kwenye gazeti, hakusema la nani, na Fabiani hakuuliza. Alilitambua kwa mgongo.

Nyanzala anakuja barazani kwake kila mwezi, anakaa, anamkodolea macho. Anatazama mguu unavyokanyaga, anavyoushika uzi kwa meno, anavyomtukana mteja aliyenenepa bila kutoa taarifa.

"Unatafuta nini hapa?" Fabiani anamfokea.

"Unanichosha, mtani. Zamani ulikuwa rahisi. Sasa itabidi nijifunze kukanyaga cherehani, na magoti haya!"

Na amefurahi, mshenzi yule. Wote wawili wamefurahi. Mimi ndiye niliyebaki na kichefuchefu changu, maana kuna kitu kimoja Fabiani hakukiacha kule barabarani. Lile kopo. Alilisugua, anasema. Alilichemsha, anasema. Sasa anawekea vifungo. Mteja akija, anaingiza mkono ndani, anakoroga *karakacha karakacha*, anachagua kifungo, anakiweka kinywani kukishika wakati anatunga uzi. Kinywani! Alinishonea gauni zuri la Pasaka, mgongo safi, mbele safi, kola imekaa. Nililichukua, nikamshukuru, nikakata vifungo vyote sita njiani kabla sijafika nyumbani. Nalifunga kwa pini. Zinanichoma nikipiga magoti kanisani, lakini afadhali.